Wanaokwenda, Wanaorudi

Huko Gongoni mtandao hushika mlangoni tu, tena ukae upande wa kushoto. Ndiyo maana Jumatano ile, jua likielekea kuzama, Trizah alikuwa kizingitini na simu yake, akijaza fomu ya daraja. Daraja lenyewe lilikuwa mpakani, la kulipia, na gari halipiti mpaka wenye safari wajiandikishe kwanza. Wanaokwenda: watatu. Wanaorudi: wawili.

Jumamosi wangempeleka Viola, mdogo wake, chuo cha uuguzi nchi jirani, wamwache huko. Trizah alimlea tangu mama yao alipofariki, Viola akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kumwacha kulimkata maini, ila Trizah hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa na shahada ya kemia na kazi ya kupima chumvi kiwandani. Aliamini kinachopimika, basi.

Ndani, Viola alikuwa akipiga pasi nguo za safari. Ochola, mume wa Trizah, alikuwa amepeleka gari kutiwa upepo.

"Hodi."

Bibi mmoja alikuwa amesimama uani. Leso mbili, miguu mitupu. Trizah hakumsikia akija.

"Karibu. Shikamoo."

Bibi hakuitikia. "Naomba munyu kidogo."

Trizah nusura acheke. Kuomba chumvi Gongoni, mahali ambapo chumvi inatafuna hata bawaba za milango! Lakini kubishana na wazee kunachosha. Aliingia jikoni, akachota gao moja, akamtilia kiganjani. Kiganja kilikuwa baridi. Harufu ikampanda puani… makaa yaliyozimwa kwa maji.

"Mna safari," bibi alisema. "Mnaenda wangapi?"

"Watatu." Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye simu.

"Mnarudi wangapi?"

"Wawili."

Bibi aliifunga ile chumvi kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo.

"Wawili," alisema taratibu. Akaondoka, akakata moja kwa moja juu ya bwawa la chumvi.

Bwawa lile Trizah alikuwa amelipima asubuhi hiyo hiyo. Ganda lake lilikuwa jembamba. Kunguru akitua, linavunjika.

Halikuvunjika.

Mlango wa pili ulifunguka. Kabibi, mwenye nyumba, alitoka na upawa mkononi.

"Umempa nini yule?"

"Chumvi."

"Mkononi? Na jua limetua?"

"Mama Kabibi, ni chumvi tu."

"Nyinyi watu wa bara mmesoma mpaka mkapitiliza." Alisogea, akanong'ona. "Munyu hautolewi magharibi. Ukimtilia mgeni mkononi, neno mtakaloambiana hapo linakuwa ahadi. Ulimwambia neno gani?"

Trizah alimwambia.

Kabibi alirudi nyuma hatua mbili. Aliingia kwake akapiga komeo.

Trizah alicheka peke yake. Kisha akaifuta safari. Alijiambia ni kwa sababu ya magurudumu. Ujumbe ukaingia: Safari yako imefutwa. Viola akaambiwa ataenda muhula ujao. Hakulia, hakuuliza. Alikunja nguo zake, akakaa karibu nazo.

Kwenye chakula alisukuma sahani.

"Haina munyu."

Ochola alionja. "Mbona imekolea?"

Trizah na Viola walizaliwa Homa Bay, bara. Tangu azaliwe, Viola hakuwahi kuiita chumvi munyu. Aliongeza kijiko kimoja. Cha pili. Cha tatu…

"Amenuna," Ochola alimwambia mkewe baadaye. "Wewe ungekatiziwa chuo ungecheka?"

"Anakula chumvi kwa kijiko, Ochola."

"Basi atakunywa maji."

Hakunywa maji. Siku tatu, kopo la kilo likaisha, na midomo yake haikukauka.

Jumamosi alasiri gari lilikuwa uani chini ya turubai. Trizah alikuwa kizingitini, simu yake ikalia.

Abiria waliovuka: 3. Abiria waliorudi: 2. Karibu tena.

Alipiga nambari ya daraja. Mhudumu mmoja, mwanamke, aliitika kwa uchovu.

"Kuna makosa. Sisi hatukusafiri."

"Mmepita, mama. Gari ni hili hili lililoandikwa." Karatasi zikachakarika. "Na huyu binti mnamfuata lini?"

"Binti gani?"

"Mliyemwacha. Amekaa hapa kibandani tangu mchana, hataki hata chai. Anasema dada yake atarudi."

Nyuma ya sauti ile mtu alikuwa analia kwa kwikwi ndogo ndogo. Kilio kile Trizah alikuwa amekibembeleza miaka kumi na minane.

"Mpe simu. Nakuomba, mpe…"

Laini ikakatika. Alipopiga tena, nambari haikuwepo.

"Ni matapeli hao," Ochola alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Trizah alienda kugonga kwa Kabibi. Komeo halikufunguliwa.

"Mama, amelia. Nimemsikia. Naenda kumchukua."

 Kisha sauti ikatoka chini ya mlango, kama ya mtu aliyelala sakafuni.

"Mlisema wawili ndio warudio, mwanangu. Ukimleta yeye, nani atabaki?"

"Na huyu aliye ndani kwangu?"

"Huyo hakuandikwa kwenu. Mpe munyu. Usimkasirishe."

Trizah alirudi kukaa kizingitini, upande wa kushoto. Akaifungua fomu. Wanaokwenda. Wanaorudi. Ochola aliyelala usingizi kochini… yeye mwenyewe… Viola. Kidole kilisimama hewani. Aliandika tatu, akafuta. Aliandika mbili, akafuta. Bwawani weupe wa chumvi uligeuka kijivu, jua likazama.

Nyuma yake nyayo tupu zikaja bila haraka. Harufu ya makaa yaliyozimwa ikamfikia kisogoni.

Viola alichuchumaa kando yake, nguo za safari mwilini, kiganja amekikinga.

"Mnaenda wangapi, dada?"