Uchafu wa Wiki Tatu

Duka la rangi la pale kona lina kaunta moja na wateja wa kaunta nne. Alhamisi hiyo, saa saba mchana, mafundi magari, wapaka kuta na mama mmoja aliyebeba mlango wa kabati kichwani walikuwa wamebanana mbele ya muuzaji, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Muuzaji akachomoa karatasi ya mwisho ya msasa namba elfu mbili, ule laini ambao ungeweza kumpangusia mtoto pua, akaiweka juu ya kioo. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa dada aliyevaa koti jeupe la kazini na kilemba cha rangi ya chungwa, sura ya kupendeza, ila puani ana unga mweupe kama aliyetoka kubusu ukuta wa chokaa. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye buti za mpira, ovaroli yake ya bluu imenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ingekata nyanya.

"Kaka, achia."

"Nimeishika mimi kwanza, dada."

"Umeshika kona. Karatasi nimeshika mimi."

"Haya, unaenda kusugua nini cha haraka hivyo?"

"Ndege."

Kijana akamkagua kuanzia kilemba hadi viatu. "Ndege za mji huu naziosha mimi. Mbona sijawahi kukuona?"

"Yangu inakaa mezani, karibu na kikombe cha chai. Na wewe msasa wa nini?"

"Taa ya pikipiki yangu imeingia ukungu."

"Pikipiki haiwezi kuitangulia ndege. Achia."

Muuzaji akachoka nao. Akachukua mkasi, akaikata karatasi katikati. "Kila mtu na nusu yake. Mengine mkamalizie nyumbani kwenu."

"Hatukai pamoja," wakasema wote wawili kwa mpigo mmoja.

"Bado," akasema mama wa mlango wa kabati, na duka zima likacheka.

Nje, kwenye kivuli cha bango, wakajuana. Dada alikuwa fundi wa meno bandia, na wenzake walimwita Meno, ingawa yake mwenyewe yalikuwa thelathini na mawili, yote ya kuota. Kijana aliongoza zamu ya waosha ndege uwanja wa ndege. Alizoea kurudi nyumbani na sabuni masikioni, basi jina la Povu likamganda. Namba za simu zikabadilishwa, na kabla jua halijazama simu ya kwanza ikalia.

"Meno, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Povu, haya ni mapenzi au mahojiano ya polisi?"

"Bado nachunguza. Ukijibu vizuri nitakuarifu."

Ndege ya Meno, ya mfano, ya kuunganisha mwenyewe, ilikuja kwenye boksi, vipande sitini na viwili vya resini, binamu ya ile anayotengenezea meno kazini. Ilikuwa ndege ya mizigo ya zamani, injini mbili, aina ile ile ambayo bado ilitua uwanjani kwa kina Povu kila wiki. Plastiki, Meno alipenda kusema, husamehe. Resini haina huruma. Kwanza aliviosha vipande kwa maji ya sabuni, maana hutoka kwenye kalibu vikiwa na utelezi usioshika rangi. Bawa la kushoto lilikuwa limepinda kama ndizi. Akalizamisha kwenye maji ya moto, akalilaza juu ya kioo, akalibana kwa viganja mpaka likapoa na kukubali yaishe. Vitundu vya hewa akaviziba kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Alisugua kila kiungo kwa msasa na maji, barakoa usoni, kwa sababu vumbi la resini si la kuvuta. Mikanda ya kiti cha rubani, myembamba kuliko kope, aliikata kwenye karatasi ya foili.

"Ukishafunga paa la rubani, hiyo mikanda nani ataiona?" Povu aliuliza, siku ya kwanza kukaribishwa kwenye kibaraza cha vioo alichokigeuza Meno kuwa karakana.

"Mimi."

Jibu hilo ndilo lililommaliza kijana wa watu. Yeye mwenyewe huingia na mswaki ndani ya vyumba vya magurudumu, mahali ambapo hakuna abiria atakayechungulia hata akilipwa, na hakuna aliyewahi kumwelewa. Alirudi kwake siku hiyo akiendesha pikipiki kwa tabasamu, hadi mdudu akamwingia mdomoni.

Sasa, Meno alikuwa na kiu yake. Kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya mafundi wa vitu vidogo, ukumbi wa manispaa, na miaka mitatu mfululizo alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye kundi la kazi ya mtu mmoja. Wa kwanza alikuwa mzee yule yule, baharia mstaafu anayeunda meli. Mama yake Meno, mshona mapazia, alivifuta vumbi vikombe vile vitatu kila wiki na kusema, "Mwanangu, hivi vikombe vimekaa kama watu walioachwa na basi." Safari hii Meno aliapa. Cha kwanza au asirudi tena ukumbini.

Wiki tatu Povu alikuwa zamu ya mchana hadi usiku, wakawa wanapendana kwa simu tu. Jumapili, siku sita kabla ya maonyesho, akaja kumchukua waende kutembea. Shati jeupe, kola imesimama, manukato yametangulia kubisha hodi.

"Dakika tano, mpenzi," Meno akasema, akaingia kuvaa.

Wanaume wote wanazijua dakika hizo. Povu akabaki kibarazani na ndege, akaitazama, moyo ukamshuka. Michirizi myeusi chini ya injini. Masizi nyuma ya mabomba ya moshi. Tope tumboni. Ndege nzima ilikuwa chafu. Maskini mpenzi wangu, akawaza, kazi zimemzidi hadi hana muda wa kuifuta. Mezani palikuwa na chupa ya tapentaini na pakiti ya vijiti vya pamba. Akakunja mikono ya shati. Akaanza puani, akamalizia mkiani, kama anavyowafundisha vijana wake. Vanishi ya chini ikastahimili tapentaini, rangi ya fedha ikaibuka, ndege ikameta.

Meno akatoka ndani ya gauni la zambarau, hereni zikicheza mabegani.

"Njoo uone," Povu akasema, kifua mbele. "Imetakata."

Meno akaitazama ndege kwa muda mrefu. "Umefanya nini?"

"Nimekuoshea."

"Uchafu wangu uko wapi?"

Povu akainua kopo lililojaa pamba nyeusi. "Huu hapa, wote."

"Niliuchora, Povu. Wiki tatu, kwa brashi ya nywele nne. Ili ionekane ndege iliyofanya kazi, si pambo la kabatini."

"Ulichora uchafu?" Aliuliza kwa dhati kabisa. "Mtu mzima anakaa chini anachora uchafu?"

"Na mtu mzima anagusa kazi ya mwenzake bila kuuliza? Lakini nikulaumu nini. Wenzako wanatengeneza vitu. Wewe kazi yako kufuta."

Ndani, cherehani ya mama ikanyamaza. Povu akafunga kizibo cha tapentaini, akairudisha chupa pale pale alipoikuta, akashusha mikono ya shati na kufunga vifungo vyake. "Asante," akasema, akaondoka bila kubamiza mlango. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Jumatatu Meno alirudi mezani akiwa na hasira, na hasira haijui kuchora. Michirizi mipya ilitoka kama chai iliyomwagika. Akaifuta. Jumanne akachora tena, akafuta tena. Akapiga simu, ikaita hadi ikakata. Akapiga mara ya pili.

"Hapokei," akamwambia mama yake.

Mama akakata uzi kwa meno. "Ndege utaipaka rangi tena, mwanangu. Lile neno ulilomwambia, utalipaka nini?"

Jumatano akaomba ruhusa kazini. Safari hii simu ilipokewa.

"Haloo."

"Niko getini kwenu."

"Geti gani?"

"La uwanja wa ndege. Mlinzi anauliza nimekuja kumwona nani. Nimjibu nini?"

"Mwambie umemfuata mfutaji."

"Nimekuja kumwomba radhi. Nimwambie hivyo kwa sauti? Nyuma yangu kuna foleni, na wote wametega masikio."

"Usimwambie kitu. Nakuja."

Akaja, buti zinalia maji, akampa kizibao cha njano na kumwongoza hadi kwenye uwanja wa kuoshea. Ile ndege ya mizigo, ya kweli sasa, ilikuwa imesimama pale, kubwa, chafu, imetoka safari ya siku nne. Vijana watatu wenye brashi ndefu wakajifanya wanatazama mawingu.

"Povu, nilisema vibaya. Na sikukosea ulimi tu, nilikusudia uumie. Nisamehe."

"Na mimi nilipaswa kuuliza. Hapa mtu akigusa ndege yangu bila ruhusa namfukuza." Akashusha pumzi. "Lakini, Meno, iliniuma. Unadhani tunafuta tu? Hatumwagi tone la maji kabla hatujasoma."

"Kusoma nini?"

Akamsogeza chini ya bawa. "Tazama. Mafuta ya injini hayashuki kama machozi, upepo unayasukuma nyuma. Yakifika kwenye hii bawaba yanagawanyika, mstari mnene na mstari mwembamba. Siku mwembamba ukinenepa, nawaita mafundi. Mara mbili wamekuta bomba limepasuka." Akaonyesha juu. "Pale rangi imelika kwa viatu vya mafundi, wote hupandia mahali pamoja. Na pale penye mfuniko wa tangi pako safi katikati ya vumbi, unapaona? Mafuta yakimwagika huosha."

Meno alikuwa ameinua shingo, mdomo wazi, kilemba kinataka kuanguka. "Michirizi yangu ilikuwa inashuka moja kwa moja chini," akasema polepole.

"Niliiona. Nilidhani mama yako kamwaga uji."

Meno akacheka hadi akashika tairi. "Kwa nini hukuwahi kuniambia unajua yote haya?"

"Watu huniuliza habari za sabuni. Za uchafu, wewe ndiye wa kwanza."

Alhamisi na Ijumaa, wakitoka kazini, walikaa kibarazani mpaka mwanga ulipowakimbia. Meno alishika brashi. Povu aliikalia mikono yake mwenyewe, kwa amri, akitumia mdomo tu.

"Rudi nyuma kidogo. Mwembamba zaidi. Hapo, mpenzi, hapo injini imechoka."

"Ukiniita mpenzi brashi inatetemeka."

"Basi hapo fundi. Fundi wangu. Fundi wa roho yangu."

"Povu, nyamaza."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ndege ilisimama kwenye kundi la kazi ya mtu mmoja, pembeni ya meli ya baharia. Jaji, rubani mstaafu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, aliinama, akainuka, akainama tena. Akaivaa ile ya pili.

"Binti, nimerusha hii miaka kumi na tisa. Mafuta hugawanyika hapa hapa. Hakuna picha inayoonyesha hili. Umejuaje?"

Mama yake alikuwa nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Jaji alikuwa ameshaishika kadi ya nafasi ya kwanza. Povu, nyuma ya kamba, alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu kama anayefukuza nzi: usiseme, mimi sikugusa hata brashi.

"Mkono ni wangu, mzee," Meno akasema. "Lakini huo mchirizi ni wa yule pale mwenye ovaroli. Yeye ndiye aliyenisomea ndege nzima."

Jaji akashusha kadi. "Hapo si kazi ya mtu mmoja tena. Na zawadi ya kundi la kazi ya watu wawili tumeshaitoa asubuhi."

"Najua."

"Basi utakosa kikombe."

"Nimeelewa, mzee. Ila kwenye kibao muandike majina yote mawili."

Kikombe kikaenda kwa baharia, mwaka wa nne. Ndege ikahamishiwa meza ya katikati, ya maonyesho tu, na hapo ndipo watu walipojazana. Waosha ndege wote wa zamu ya Povu walikuwa wamekuja, ovaroli zimepigwa pasi, wakionyeshana kwa vidole bila kugusa. "Lile doa la mkiani ni langu," mmoja akamwambia mgeni asiyemjua. "Nalitoa kila Jumatano."

Meno akamvuta Povu kwa mkono hadi mbele ya mama yake. "Mama, kikombe sijaleta. Nimekuletea mkwe."

Povu akageuka nyuma kumtafuta huyo mkwe.

"Ni wewe, kaka. Unakubali au hukubali?"

"Nakubali," Povu akasema. "Nimekubali. Hata mara mbili."

Mama akamtazama kijana kwa makini, kama anayekagua pindo la pazia. Kisha akamkabidhi Meno mkoba, akamshika Povu kiwiko, akaanza naye kwenye meza ya baharia.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Anaosha ndege. Zile kubwa, za kweli. Twende, baba, na wale wa kule hawajakuona."