Njano ya Kadi za Mwanasaumu

“Wino ni wino, dada! Na njano ni njano!”

“Wino?” Mwanatatu alilitupa bomba la sindano mkekani. “Zafarani ya kombe la Mwanasaumu ndiyo unayoiita wino? Huna haya, Matano?”

Nyumba yao ya Timbwani ilinuka marashi kila chumba. Maalim Ishaka alikuwa ameileta zafarani ile kikombeni, imeshasomewa. Kesho angekuja kuandika kwayo aya sahanini, zioshwe kwa maji, na mdogo wao Mwanasaumu ayanywe kabla ya harusi. Kombe hilo ndilo lingemfunga jini mahaba aliyewafukuza wachumba wake wote, akabaki Bakari peke yake.

Na Matano alikuwa ameimimina yote ndani ya printa.

“Nilikwambia palepale dukani,” Mwanatatu akasema. “Tuchukue ile ambayo kila rangi ina katriji yake. Wewe ukang’ang’ania hii, eti ndogo, eti yang’aa. Njano ikakauka, maua ya kadi za harusi yakatoka ya buluu kama ya matanga, ndipo ukaona uijaze dawa ya mtu!”

“Mbona zimetoka nzuri? Asubuhi nimezigawa mtaa mzima, wallahi, hakuna aliyelalamika.”

Printa ikakohoa.

Wote wawili waligeuka. Waya wake ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni. Hata hivyo kitu ndani yake kilianza kwenda na kurudi, krr, krr, polepole kama mtu anayekuna mlango kwa kucha, na karatasi ikavutwa, ikateremka mbichi, ya njano, na harufu ya marashi ikageuka mbele ya pua zao ikawa harufu ya nywele zinazoungua.

Mwanatatu aliichukua kadi. Jina la Mwanasaumu lilikuwapo. Lakini mahali pa Bakari palikuwa na jina jingine, lile ambalo nyumbani mule halitamkwi, alilolitaja Mwanasaumu mara ya mwisho alipopandisha jini.

“Zile ulizogawa,” alinong’ona. “Ulizisoma?”

“Niliangalia maua.”

“Uliangalia maua!”

Aliibeba printa kwa mikono miwili, akaibamiza uani, akachukua mchi wa kinu akaipiga, kana kwamba anampiga Matano mjinga, kana kwamba analipiga lile jini lililowafanya waishi kwa kunong’ona ndani ya nyumba yao wenyewe, akapiga mpaka plastiki ikawa vipande. Na katika vipande hivyo njano ikaanza kutoka, nyingi kuliko kikombe, nyingi kuliko ndoo, ikavuka ua, ikapanda kizingiti ambacho maji hayajawahi kukipanda, ikaelekea moja kwa moja chumbani kwa Mwanasaumu.

“Dada,” Mwanasaumu aliita kutoka ndani, kwa sauti tamu isiyokuwa yake. “Njoo unipake wanja. Wageni wangu wamefika.”

Matano alianza kulia. “Tumwite Maalim, dada.”

“Nyamaza. Usimfungulie mtu.”

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mlango wa mbele ukagongwa kwa adabu, na sauti ya mwanamume, nzito na ya upole, ikasema:

“Hodi, wenyewe. Siku zote mlikuwa mkitufukuza. Leo mmetuletea kadi.”