Dirisha kwa Dirisha

Dirisha lilikuwa limefungwa. Hester Tranter alisimama na birika la chai mkononi, akatazama ncha ya pili ya safu ya nyumba za Penrose. Jana dirisha lile lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa miaka yote tangu bomu la vita, maana nyumba ile ya mwisho haikuwa nyumba tena. Ulibaki ukuta wa mbele peke yake, umeegemezwa magogo, na nyuma yake mbingu tupu ya mji wa Bath. Hakukuwa na sakafu ya kumshika mtu wa kufunga dirisha.

"Upepo huo," alisema Gilbert, mumewe, bila kuinua macho kwenye gazeti.

Safu ya Penrose imepinda kama mundu. Aliyeijenga, enzi za wanaume kuvaa nywele za bandia, alijenga uso tu, akauuza vipande vipande, na kila mnunuzi akajijengea mgongo autakao. Ndiyo maana mbele nyumba zote ni mapacha, nyuma kila mtu na lake. Na kwa vile imepinda, jirani wa ukutani kwako humwoni dirishani kwake, lakini aliye ncha ya pili unamwona hadi rangi ya blauzi.

Kwa sababu hiyo Olive, binti yao wa pekee, alipoolewa alipanga vyumba vya juu kule mwisho. "Utaniona kila jioni, mama," alisema. Na kweli, kila wakati wa chai alifunga dirisha lake, akapunga mkono. Bomu lilimkuta na mimba kubwa.

Siku ya pili dirisha la ukuta ule likawa wazi tena. Lililofungwa sasa lilikuwa la nyumba ya jirani yake, na nyuma ya kioo alisimama mtu, kainua mkono.

Hester hakuogopa. Alibadilisha blauzi, akachana nywele, akapunga.

Kila jioni kivuli kile kilisogea nyumba moja. Nyuma yake tetesi zilianza: huku kabati limekutwa wazi na shuka zimetupwa chini, kule nguo za watoto waliokwisha kukua zimetolewa sandukuni na kukunjuliwa moja moja, kama mtu anayetafuta kitu na hakioni. Na kila nyumba iliachwa na harufu ya plasta mbichi na gesi. Hester aliijua harufu hiyo. Ndiyo iliyokuwepo siku walipofukua kifusi.

Kisha kivuli kikapita pale safu inapopinda, asikione tena, na hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa kuwa alijua kinakuja, kuta zinakipitisha moja baada ya nyingine, nacho kinanyata upande uleule wa mundu alioketi yeye, karibu, karibu zaidi, hata akawa akiweka sikio ukutani anasikia kitambaa kikiburuzika sakafuni na sauti ndogo ikiimba wimbo wa kubembeleza aliouimba yeye mwenyewe zamani.

Alasiri moja ya ukungu Doreen, mke kijana wa nyumba iliyopakana na yao, aligonga mlango.

"Bi Hester," alinong'ona, "kuna mtu ananiimbia mtoto."

"Nani?"

"Nikiingia hayupo. Clive wangu amekuwa baridi kama katolewa kisimani. Leo nimemkuta kwenye kizingiti cha dirisha, kidogo aanguke nje. Na dirisha nililifunga mimi."

Walimwita Kasisi Luttrell. Alisoma sala, akanyunyiza maji, lakini harufu ilizidi hadi Doreen akatapika. Kasisi akafunga kitabu.

"Mimi nafukuza pepo, Bi Hester. Huyu ni mtu, wala hanijui. Wewe anakujua."

"Nimfukuze mwanangu?"

"Mtoto wa mwenzio anakufa, mama."

Clive alilala kitandani, midomo imegeuka buluu. Hester alikwenda kwenye ukuta uliotenganisha chumba kile na nyumba yake, akaweka kiganja. Plasta ilikuwa imelowa.

"Olive."

Wimbo ukanyamaza.

"Huyu si wako, mwanangu. Wako mlizikwa pamoja. Nilikufunika kwa mikono yangu."

Kisha, kutoka ndani ya ukuta, sauti aliyokuwa akiililia miaka yote:

"Mama, nije nyumbani?"

Ulikuwa umebaki ukuta mmoja tu. Hester alifumba macho. Kila kitu ndani yake kilisema njoo.

"Hapana," alisema. "Usije."

Dirisha likafunguka lenyewe, kioo kikipanda taratibu. Harufu ikatoka. Mtoto wa Doreen akaanza kulia, na Hester akaondoka kabla hajashukuriwa.

Nyumbani Gilbert alikuwa ameketi, gazeti limeanguka miguuni. Hakusema habari ya upepo.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Gilbert alikuna goti.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi aliniulizia?"

Hester alimtazama mzee wake.

"Ndiyo. Aliuliza baba yupo."

"Ukamwambiaje?"

Hester akavuta kiti, akamshika mkono, akaanza kumtungia maneno ambayo mtoto wao hakuyasema. Gilbert alisikiliza huku machozi yakimshuka, na kila Hester alipofika mwisho alimwomba arudie.