Sentensi Aliyoimeza Tiresa

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Tiresa aliketi mezani jikoni na kumsomea mama yake barua zilizofika jana yake. Zilikuwa barua za umeme, za shule, za daktari wa meno, zote kwa Kiingereza. Mama Makerita alikuja Auckland kutoka Samoa akiwa mtu mzima, na Kiingereza chake kilimtosha kununua mkate na kusalimiana na majirani, basi. Tiresa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alisoma mstari, akaugeuza kuwa Kisamoa, na mama akaitikia kwa kichwa huku akikoroga kakao. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Februari ile, jua likiwa kali kama kawaida ya mwezi huo, mama alipata kazi mpya katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa jiji. Zamu ilianza saa saba mchana na kumalizika saa tatu usiku, na hakukuwa na treni wala basi la kumrudisha nyumbani Papakura saa hizo. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Msimamizi alisema wazi kwamba mtu wa kuchelewachelewa hataajiriwa baada ya hapo. Mama alihitaji gari la kupita barabara kuu kila siku, kwenda na kurudi, bila kumwangusha.

Hadi wakati huo walisafiri kwa kibasi kikuukuu cha Mjomba Ielemia, mdogo wake mama, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama na kuishi nao. Mlango wa kibasi ulifungwa kwa kamba. Mjomba alipokuja kumchukua Tiresa shuleni, rafiki yake Ngaire alikuwa na neno lake lile lile.

"Tiresa, gari lenu linakuja. Nimelisikia likikohoa tangu kule kona ya pili."

Wenzao walicheka, na Tiresa akacheka nao, masikio yakiwaka moto.

Mama hakuwa mtu wa kudanganywa na rangi ya gari. Aliwauliza wanawake wenzake wa kanisani waliokuwa wakiendesha, akajua anachotaka: injini ndogo isiyokunywa mafuta, lakini yenye nguvu ya kukimbia kilomita mia kwa saa bila kulalamika, gari lisiloyumba lori likipita ubavuni, na daftari la sevisi lililojazwa tarehe zote. Jumatano walikwenda mtaa wa Manurewa kuona gari la kijivu la muuguzi mmoja. Lilikuwa na mbonyeo mlangoni na viti vya rangi ya matope. Lakini muuguzi aliwapeleka barabara kuu, mama akakamata usukani, na gari likaenda kwa utulivu kabisa. Daftari halikuwa na pengo. Mama alishuka akitabasamu.

"Hili lina adabu," alisema.

Tiresa alitazama ule mbonyeo akamwona Ngaire akilini mwake, akiuonyesha kwa kidole. Akamsihi mama waone moja zaidi, lile la buluu alilokuwa ameliona kwenye simu, ambalo mwenyewe aliishi mitaa miwili tu kutoka kwao.

Mwenyewe alikuwa Mzee Pascoe, mtu mrefu aliyefiwa na mkewe, mwenye mikono yenye madoa ya jua, na aliongea haraka kama anayekimbizana na mvua. Gari lake lilikuwa dogo, lenye rangi ya buluu inayong'aa, na paa lake lilikuwa na kioo cha kufunguka. Tiresa aliingia, akalala kitini, akaona mawingu. Mjomba Ielemia alipiga matairi teke, moja baada ya jingine. Hicho ndicho kipimo pekee alichokijua. Mama alizunguka nalo mtaani, akaridhika, ila hakuweza kulijaribu barabara kuu kwa sababu jioni ile magari yalikuwa yamesimama foleni hadi kwenye daraja.

Ndipo Mzee Pascoe alipomwinamia Tiresa, akaongea polepole ili asikike vizuri.

"Binti, mwambie mama yako hili asilisahau. Kwa safari za dukani na kanisani, gari hili halina neno. Lakini barabara kuu, kwenye joto, mshale wa joto unapanda. Rejeta imechoka, haipozi tena injini inavyotakiwa. Ndiyo maana nimepunguza bei. Asiende nalo mbali kabla hajaweka rejeta mpya. Umenielewa?"

Tiresa alisema ameelewa.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

Mawingu bado yalikuwa machoni pa Tiresa. Alijua kwamba akiyatamka yale maneno, mama atashukuru kwa heshima na kurudi Manurewa. "Anasema limetunzwa vizuri," alijibu. "Na halili mafuta."

"Barabara kuu linafaa?"

"Linafaa."

Mzee Pascoe alikuwa akitabasamu, akidhani ujumbe umefika. Mama naye akamtabasamia. Tiresa alisimama katikati yao, na tangu dakika hiyo hakuweza kumtazama yeyote kati ya hao wawili.

Jumapili waliingia uwanja wa kanisa kwa gari la buluu, kioo cha paa kimefunguliwa. Jumatatu Ngaire alilizunguka mara mbili, akasema sasa na wao wamekuwa watu. Tiresa alikuwa ameyasubiri maneno hayo mwaka mzima, lakini yalipofika hayakumfurahisha hata kidogo. Saa sita na robo, wakati mama alipotoka kwenda kazini, macho ya Tiresa yalikuwa kwenye saa ya darasani. Usiku hakulala mpaka asikie gari likiingia. Mara mbili alifungua mdomo ili aseme. Mara ya kwanza mama alikuwa amechoka, na mara ya pili alikuwa anaimba, na kila mara Tiresa alijiambia kwamba pengine mzee yule alitia chumvi.

Alhamisi ya wiki ya pili joto lilizidi. Tiresa aliporudi kutoka shule alimkuta mama kwenye kiti cha jikoni, sare ya kazi mwilini, viatu miguuni, mikono imelala mapajani. Mjomba ndiye aliyesimulia. Mama alikuwa katikati ya barabara kuu mshale ulipopanda hadi mwisho. Moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Alifaulu kuliweka gari ukingoni, akatoka, akaruka kizuizi cha chuma, na nusu dakika baadaye lori lilipita karibu mno hata likakivunja kioo cha pembeni cha gari. Alisimama juani saa nzima. Kazini hakufika, na msimamizi aliandika onyo la kwanza.

"Yule mzee ametuuzia jeneza," Mjomba alisema. Alisema anakwenda kumwambia usoni, na baada ya hapo atawatangazia Wasamoa wote wa Papakura kwamba yule ni tapeli. Kwa kuwa Kiingereza chake kilimkimbia kila alipokasirika, alimgeukia Tiresa. "Na wewe ndiye utakayenisemea. Njoo."

Mama aliinuka akawafuata, ili mdogo wake asije akavuka mipaka.

Mzee Pascoe alikuwa akimwagilia nyanya. Mjomba alianza kufoka kabla hajafika kwenye ngazi, na Tiresa alitafsiri kwa sauti ndogo, akitazama mpira wa maji nyasini: mjomba wangu anasema wewe ni mwongo, anasema ulijua gari ni bovu, anasema mama yangu nusura afe. Mzee alifunga bomba. Alimtazama Tiresa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia zaidi kuliko aliyekasirika.

"Lakini nilikwambia, binti. Hapa hapa. Si nilikwambia?"

"Amesemaje?" mama aliuliza.

Tiresa aliona kwamba angeweza kusema lolote, na mama angeamini, na mzee yule angebaki tapeli wa Papakura hadi kufa kwake.

"Anasema alituambia," alisema kwa Kisamoa. "Siku ile. Alisema rejeta imechoka, barabara kuu gari litapata joto, tusiende nalo mpaka tubadilishe. Alisema ndiyo sababu alipunguza bei. Alinipa mimi nikwambie, mama. Sikukwambia. Nililitaka gari la buluu."

Mjomba, aliyekuwa bado amenyoosha kidole, alikishusha taratibu kana kwamba si chake.

Mama hakumgusa Tiresa wala hakumkaripia. Alimpita. Alikwenda hadi kwenye ngazi za Mzee Pascoe, akaketi ile ya chini kabisa, akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Kwa watu wao, kosa la mtoto huombewa msamaha na mkubwa wake. Mjomba alivua kofia, akaketi karibu na dada yake, akainama vilevile.

"Mimi samahani sana," mama alisema kwa Kiingereza chake kilichovunjika, bila kumngoja mkalimani. "Mtoto yangu. Kosa yangu. Wewe mtu ya kweli."

Tiresa alitamani apigwe. Kipigo kingekwisha. Lakini kumwona mama yake, aliyekuwa juani saa nzima kwa ajili yake, akiinamisha kichwa kwa ajili yake tena, lilikuwa jambo lisilo na pa kuliweka. Alipiga magoti nyasini, nguo ikalowa, akasema kwa Kiingereza kwamba kosa ni lake peke yake.

"Inukeni, jamani, inukeni," Mzee Pascoe alisema, akipangusa pua kwa kiganja. "Majirani watadhani nimekufa."

Aliwauliza kama mama alisimamisha gari mara tu mshale ulipopanda, au aliendelea. Tiresa alitafsiri. Mama alijibu kwamba alisimama pale pale. Mzee akashusha pumzi na kusema basi huenda injini imepona.

Na kweli ilikuwa imepona. Fundi aliyefahamiana na mzee aliweka rejeta mpya na mipira yake, na kioo cha pembeni kikabadilishwa. Wiki hiyo nzima Mjomba aliamka kabla usingizi wa zamu yake ya usiku haujamtoka machoni, akampeleka mama kazini kwa kibasi na kumrudisha, na mama hakuchelewa hata siku moja. Kila jioni Tiresa alikwenda kumwagilia nyanya za Mzee Pascoe. Hakuna aliyemtuma. Ngaire alipouliza limekwenda wapi lile gari la kifahari, alimweleza ukweli wote.

Jumamosi walikwenda kulijaribu, mama akiendesha, mzee pembeni, Tiresa nyuma. Kwenye mlima wa kusini, kilomita mia kwa saa, malori kushoto, mshale ulitulia katikati. Mzee aliongea bila kupumua.

"Anasema mshale uko sawa," Tiresa alitafsiri. "Anasema tairi la nyuma kushoto limeanza kulika, libadilishwe kabla ya baridi. Anasema unakanyaga breki kama mtu anayeua mende."

Mama alicheka, kisha akauliza, "Ni hayo yote aliyosema?"

"Ni hayo yote."

Swali hilo mama alikuwa akiliuliza kila mara siku hizi, na kila mara lilimchoma Tiresa.

Walipomfikisha mzee nyumbani kwake, mama hakuondoa gari mara moja. Alizima injini.

"Mwanangu, gari la yule muuguzi lilikuwa na mbonyeo, nawe ukaona aibu. Mbonyeo unaonekana, mtu anajua anachonunua. Mimi naendesha kwa macho yangu, lakini katika nchi hii nasikia kwa masikio yako. Ukinipunguzia neno moja, hata dogo, umenifumba macho nikiwa barabarani. Ukweli ambao hutaupenda ndio unaopaswa kunifikishia kwanza."

"Utaniamini lini tena, mama?"

"Nitakuuliza kama ni yote," mama alisema, "mpaka siku nitakayosahau kuuliza. Siku hiyo siwezi kuilazimisha mimi, wala wewe. Tutaifikia kwa kwenda."

Tiresa aliitikia. Hakuomba apunguziwe. Mama aliwasha gari, na walipofika kwenye makutano akamuuliza kibao kile kipya kinasemaje, naye akamsomea, neno kwa neno, hadi mwisho.