Nati za Upande wa Kushoto

Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kumwaga abiria wake katika stesheni ya Kilosa, na uwanja mzima ulijaa vikapu, kuku na makelele. Fausta alikuwa amepiga magoti kando ya lori la kijiji, katika suruali ya kaki na kitambaa chekundu kichwani, akipambana na gurudumu lililopasuka. Lori lilikuwa limebeba mbegu za mahindi kutoka shamba la Kilangali, nazo zilitakiwa zifike kijijini, ng'ambo ya Mikumi, kabla ya mvua. Halmashauri ya kijiji ilimkabidhi usukani shingo upande. Safari hii ndiyo ingeamua kama mwanamke ataendelea kuushika.

"Afande Fausta! Bado unagombana na vyuma?"

Aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Ni Makarius wa Kidete, aliyependana naye walipokuwa wote jeshini Ruvu, ambaye sasa alikuwa fundi wa gereji Mikumi. Alisimama mbele yake katika suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni na viatu vya raizoni vyenye soli nene.

"Makari! Viatu hivyo umevivaa au umevipanda?"

"Nimevipanda nikuone vizuri, mpenzi. Lete spana."

"Ngoja. Nati za upande huu wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Ndivyo lori hili lilivyoundwa. Tena zimeshika kutu. Nimezimwagia mafuta ya taa, ziache zilowe."

"Fausta wangu, nati ni nati. Kila siku nafungua malori ya barabara kuu."

"Makarius, nakuambia..."

Lakini watu walikwisha kuwazunguka, na mbele ya watu Makarius hakujua kusikiliza. Alichomeka bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu, akaikanyaga kwa raizoni zake, akaisukuma kushoto. Ta! Bolti ikakatika. Badala ya kukoma, akahamia ya pili. Kisha, kwa ubishi tu, ya tatu. Wachukuzi wakaangua kicheko.

"Umeridhika?" Fausta aliuliza.

"Bolti zipo gereji. Kabla jua halijatua nimerudi, haki ya Mungu."

Akarukia gari lililokuwa likielekea Mikumi. Jua likatua, likachomoza tena, na aliyefika ni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkizedek. Alizitazama bolti, akaitazama suruali ya Fausta, akanyoosha kiganja.

"Shikamoo, mwenyekiti. Si mimi niliye..."

"Marahaba. Ufunguo, binti. Tulisema."

Fausta alikwenda posta akiwa haoni mbele kwa hasira, akaomba aunganishwe na gereji ya Mikumi.

"Halo, gereji," iliitika sauti nzito ya kizee.

"Namtaka Makarius."

"Hayupo, mwanangu. Amesafiri."

Fausta aliitambua. Hiyo ndiyo sauti ambayo Makarius alikuwa akiwaigiza nayo maafande wa Ruvu ili amchekeshe.

"Basi, mzee, mfikishie salamu. Mwambie nimenyang'anywa usukani kwa kosa lake. Mwambie kijiji kizima kinangoja mbegu. Mwambie nilidhani nimependa mwanamume, kumbe nimependa viatu."

"Fausta, mpenzi, niliona aibu..."

"Kumbe mzee hata jina langu unalijua!" Akaibwaga simu.

Siku iliyofuata Makarius alitokea katika ovaroli lililojaa grisi, amebeba bolti mpya, tindo na nyundo kubwa. Alimwaga tena mafuta ya taa, akazifungua nati zilizosalia, akalitoa gurudumu, akaivua habu iliyolishikilia, kisha akavigonga vipande vilivyovunjika kimoja kimoja mpaka vikatokea nyuma. Fausta alimsimamia, mikono kifuani.

"Kulia," alisema kwa kila nati. "Kulia, nimesema."

Bolti mpya na gurudumu la akiba vilipokwisha kufungwa, Makarius alimgeukia mwenyekiti mbele ya wachukuzi walewale. "Shikamoo, mzee. Bolti nilizikata mimi. Alinionya, nikakataa kumsikia kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Kisha nikakimbia."

"Marahaba. Aa, mambo ya vijana. Binti, shika ufunguo wako."

Fausta hakuupokea. "Mwenyekiti, mikutanoni tunaapa kwamba binadamu wote ni sawa. Uliona chuma kimekatika, ukajua ni mkono wa mwanamke. Hata kuniuliza hukuniuliza. Nitaushika ukisema kwamba ulikosea."

"Nilikosea," alisema mzee, kama anayemeza kwinini.

Makarius akaufungua mlango wa mbele.

"Nyuma," Fausta akamwambia.

"Mpenzi?"

"Juu ya magunia."

Mawingu yalikuwa yameshuka milimani walipofika kijijini. Makarius aliyabeba magunia hadi ghalani, na la mwisho liliingia mvua ikianza kupiga bati. Akaja kusimama dirishani kwa Fausta, ameloa.

"Nataka kukuoa, Fausta."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Hata kesho nitakuwa nazo. Kwetu Vidunda, huko mlimani, posa hupokewa na mjomba. Usimtume mshenga; panda mwenyewe. Kabla hujataja jina langu, mweleze habari ya bolti na ya simu. Akikufukuza, sitakuombea."

Makarius hakungoja mvua ikatike. Akaishika njia ya mlimani, na giza lilikuwa limekwisha kuingia chini ya miti. Fausta alimtazama, hasira bado anazo. Kisha akaligeuza lori lielekee mlimani, akawasha taa, ili Makarius aone anapokanyaga.