Mashine Nyuma ya Pazia

Kijijini kwetu kitu kipya hakitazamwi bure. Mtoto akizaliwa, unaingia kumwona na zawadi mkononi. Jirani akinunua farasi, unamsifu farasi na unaacha chochote. Bibi harusi ndiyo usiseme. Yeye hukaa nyuma ya pazia, na asiyetoa haoni hata kidole chake. Zawadi hiyo ya kutazama tunaiita korumduk. Hata mabahili huitoa, maana aibu inauma kuliko kutoa.

Kwa hiyo Anipa alipomaliza mashine yake, mumewe Dooron alifanya kile ambacho mwanamume yeyote wa huku angefanya. Alialika kijiji kizima.

"Jumamosi njooni mwone!" alitangaza dukani na msikitini. Alimwalika hata daktari wa mifugo, aliyekuwa ameingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe.

Anipa hutengeneza mazulia ya sufu. Kazi yenyewe ni ya zamani na kila mtu huku anaijua. Unatandaza sufu ya kondoo juu ya mkeka wa matete. Unaimwagia maji ya moto yenye sabuni. Unaukunja mkeka kama gogo na kuufunga kamba. Kisha wanawake wanausukuma kwa miguu nusu siku, mpaka sufu ishikane. Uulkan, mama mkwe wa Anipa, aliifanya kazi hiyo kwa miaka hamsini. Sasa magoti yake yalikuwa yamevimba, na kuinuka tu kulikuwa safari.

Anipa alimwonea huruma. Akafungua mashine mbovu ya kufulia nguo, akatoa mota, akaanza kujaribu. Alijaribu kwa majira matatu ya baridi. Mashine ilisukuma gogo mbele tu, na mazulia yakatoka na mabonge. Siku moja Uulkan alishindwa kuvumilia.

"Mkwe wangu, wewe nani alikufundisha kutembea?" alisema. "Mguu hauendi hivyo! Mbele mara mbili, nyuma mara moja, halafu kisigino. Kisigino ndicho kinachofunga sufu."

Anipa akaongeza gurudumu lenye nundu. Nundu ikawa kisigino. Zulia likatoka laini, tena kwa saa moja badala ya nusu siku.

Alhamisi, Buajar alipita kurudisha sufuria. Buajar ni mtunza maktaba wetu. Anasoma kila karatasi inayofika kijijini, hata ile iliyofungiwa sabuni. Aliiona mashine bandani. Hakuisifu. Alivua shali yake, akaifunika.

"Vipi dada, inasikia baridi?" Dooron aliuliza akicheka.

"Nani ameshaiona hii?"

"Sisi watatu na wewe. Jumamosi wataiona wote. Hata kaka Tentimish wa mjini anakuja."

Buajar alikaa chini. Tentimish alikuwa na karakana kubwa mjini. Miaka miwili nyuma, Anipa alishona ndara za sufu zenye ndege mwekundu kwenye kisigino. Tentimish alizisifu sana, akanunua jozi moja. Mwezi haukuisha, soko likajaa ndara zenye ndege yuleyule. Soli zake zilibanduka baada ya wiki mbili, na wanunuzi wakaja kumgombeza Anipa.

"Siku zile ulisema nini?" Buajar alimwuliza Anipa.

"Nilisema Mungu ndiye mtoa riziki."

"Mungu katoa, ndiyo. Tentimish kachukua."

Anipa hakucheka. "Sasa nifanye nini, dada?"

"Sikiliza. Kitu ulichokibuni ni mali yako, kama shamba. Tofauti ni kwamba shamba hili halina ua. Ua wake ni hati ya serikali. Kwa mashine mpya, hati hiyo huitwa hataza. Ukiipata, kwa miaka kadhaa hakuna mtu nchini humu atakayeruhusiwa kuitengeneza au kuiuza bila idhini yako."

"Na ndege wangu?"

"Yule ni alama ya biashara. Naye anasajiliwa. Mtu akimwona ndege, ajue amenunua mkono wa Anipa, si wa mlaghai."

"Basi tutaomba," alisema Dooron. "Jumatatu. Baada ya sherehe."

"Hapo ndipo mnapokosea! Hataza hupewa kitu kipya. Ukikionyesha hadharani kabla ya kupeleka ombi, unaweza kuambiwa si kipya tena. Wengine wanapewa muda wa huruma wa kuomba baada ya kuonyesha, lakini mbona tutafute huruma? Ombi kwanza. Kuonyesha baadaye."

Uulkan alikuwa akisokota uzi pembeni. Akauweka chini kwa hasira.

"Sufu ni ya bibi zetu wote," alisema. "Leo tuitie kufuli? Huo si uchoyo?"

"Mama, sufu haitiwi kufuli," Buajar alijibu kwa upole. "Zulia, mapambo ya pembe za kondoo, kusukuma kwa miguu, hayo ni ya wote na yatabaki ya wote. Tunasema juu ya kile tu ambacho hakikuwepo mpaka kilipozaliwa kwenye banda hili. Na hata hicho si siri ya milele. Kwenye ombi unaeleza kila kitu kwa maandishi. Muda ukiisha, kila mtu anaruhusiwa kukitumia. Ila kwanza aliyehangaika avune. Asipovuna, nani atahangaika tena?"

Uulkan aliuokota uzi wake. Dooron alishika kichwa.

"Kondoo nimeshanunua. Watu nimeshawaalika. Nikiahirisha, uso wangu nitauweka wapi?"

Hapo Uulkan aliinuka, taratibu, goti moja baada ya jingine. Alifungua sanduku la bati. Akatoa pazia jekundu, lilelile alilokaa nyuma yake Anipa siku ya harusi yake.

"Bibi harusi ambaye hajawa tayari hufanywaje?" aliuliza.

Jumamosi tulikula mpaka tukachoka. Nyama ilikuwepo, maandazi yalikuwepo, na maziwa ya farasi, kinywaji chetu cha sherehe, yalimiminwa kama maji. Mashine ilikuwa nyuma ya pazia. Watu walitania, walichungulia, na Uulkan aliwapiga vidole kwa mwiko.

Kisha Tentimish akasimama, kofia yake ya manyoya ya mbweha kichwani. Aliweka noti ya som elfu tano, kubwa kuliko zote nchini, kwenye sinia la zawadi.

"Korumduk yangu hiyo," alisema. "Fungueni nione."

Sote tulimgeukia Dooron. Mila ni mila, aliyetoa huonyeshwa. Mkono wa Dooron ulikuwa umeshashika pazia. Baadaye aliniambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Anipa aliutazama. Majira yake matatu ya baridi yalikuwa kwenye mkono ule.

"Dooron," alisema polepole, "mkumbuke ndege wangu."

Mkono ukashuka. Dooron aliichukua ile noti na kumrudishia mgeni kwa mikono miwili.

"Kaka, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kula, kunywa, nyama iliyonona ni yako. Lakini bibi harusi huyu bado hajaandikishwa."

"Bibi harusi gani ana mota?" Tentimish alifoka.

"Ana mota, ana wenyewe!" Uulkan alijibu. "We mwanamume, unataka kumfunua mtoto wa watu kabla ya nikaha?"

Kicheko kilitikisa banda. Mwisho hata Tentimish alicheka, ingawa kicheko chake kilikuwa na ndimu.

Jumatatu, Anipa na Buajar walikwenda Bishkek, mji mkuu wetu. Walikuwa wamechora kila gurudumu na kuandika kila hatua. Ofisi ilipokea ombi na kuwapa hati yenye tarehe.

"Tarehe hii ndiyo nguzo ya kwanza ya ua," Buajar alisema. "Itunze."

Waliporudi, Dooron alifungua pazia. Kijiji kikaona, kikasifu, na sinia likajaa.

Hataza yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka. Maswali yalikuja, Anipa akayajibu. Ndege mwekundu naye akasajiliwa. Ndara za bandia zilitoweka sokoni, na wanunuzi wakarudi bila kugomba. Leo wanawake sita wanafanya kazi kwenye banda lile, na hakuna hata mmoja mwenye magoti mabovu.

Siku hataza ilipofika, Uulkan alivaa miwani, akaisoma mwenyewe. Alisimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa wavumbuzi. Jina la kwanza ni lako. Hili la pili la nani?"

"Lako, mama."

"Mimi? Mimi nilikuwa nalalamika tu!"

"Ulisema mbele mara mbili, nyuma mara moja, halafu kisigino. Mimi nilikuwa na mota. Kisigino kilikuwa chako."

Uulkan alilia, wala hakuficha. Kwa miaka hamsini alikuwa ametengeneza mazulia yaliyotandikwa kila nyumba, na hakuna zulia hata moja lililowahi kuandikwa jina lake.

Kiangazi kilichofuata Tentimish alikuja tena. Safari hii hakutaka kuchungulia. Alitaka ruhusa ya kutumia mashine tano kwenye karakana yake, kwa mkataba na kwa malipo ya kila mwaka. Anipa aliandaa chai na kalamu.

Lakini mlangoni mgeni alizuiwa. Ukutani palikuwa na fremu yenye ile hataza, na mbele ya fremu palining'inia pazia jekundu. Chini yake Uulkan alikuwa amekaa na sinia.

"Nini tena hiki, mama?" Tentimish aliuliza.

"Kuna jina jipya hapo nyuma," alisema Uulkan. "Korumduk kwanza."

Tentimish alivua kofia, akatoa. Uulkan akafungua pazia kwa mkono wake mwenyewe.