Andika, Hajra

Mapenzi ya Hajra na Harithi yalianza kwa kofi.

Ilikuwa msimu wa ufuta, Ruangwa mjini, vumbi mpaka kwenye meno. Hajra, kizibao cha njano juu ya dera la zambarau, aliwekwa na halmashauri njiapanda ya soko wiki nzima kuhesabu malori ya ghala jipya. Mwenye ghala angelipa tozo kulingana na malori anayoleta, mji ujenge njia ya waenda kwa miguu. Mwaka uliopita shangazi yake, Fatu, alisagwa na lori hapo hapo, pamoja na beseni lake la vitumbua.

Siku hiyo ya kwanza lori likapanda ukingo, likavunja kiti chake. Yeye alikuwa ameinuka kunywa maji. Akamzaba kofi mwanamume aliyeshuka.

"Unataka kuniua na mimi?"

"Dada, mimi si dereva. Dereva yule anakimbia. Mimi ndiye mwenye ghala."

"Basi limefika kwa mwenyewe."

Harithi akacheka huku ameshika shavu. Kesho yake akaleta kiti kipya cha mninga na chai ya tangawizi. Simu zikawa haziishi.

"Leo umehesabu mangapi, mpenzi?"

"Tangu lile lililovunja kiti, yako sijaona hata moja. Nawe ukizidi kunisumbua nitakuandika trekta."

Siku ya saba Hajra alipanda bodaboda kwenda msibani Nambambo. Njiani akayaona: malori ya Harithi, yamejipanga kimya ndani ya mikorosho. Akampigia simu.

"Umeyaficha malori mikoroshoni hesabu ipite! Chai yako ilikuwa ya kunifumba macho!"

"Malori gani? Hajra, mama, nisikilize..."

Alishakata.

Harithi akaenda kwenye mikorosho mwenyewe. Madereva wakamwambia: aliyewaficha ni Eustace, mbia wake.

Asubuhi, Hajra akiwa amerudi njiapanda kuhesabu upya, Harithi akatokea kwa miguu, malori yote yakimfuata.

"Andika! La kwanza hilo! La pili!"

Eustace akachomoka ghalani na nondo.

"Mwanamke huyu atatufilisi, mjinga wewe!"

Nondo ikamshukia Harithi. Mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu. Ikashuka tena, mbavuni. Harithi akapiga magoti, damu ikimtoka mdomoni.

"La tisa... andika, Hajra!"

Hajra akaandika. Kisha akanyanyua kile kiti cha mninga, akampasulia Eustace usoni. Makuli wa soko wakammalizia kwa mateke mpaka polisi wakamtoa mikononi mwao.

Jioni, wodini, Hajra alikaa ukingoni mwa kitanda na karatasi ya tozo. Malori kumi na tisa.

"Nisamehe, Harithi. Sikukusikiliza."

"Umenivunjia kiti changu."

"Saini hapa."

Akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi.

"Sasa barua ya posa kwa baba yako kule Ruponda nitaiandikaje, na mkono huu?"

Hajra akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Kwa huo huo uliosaini. Baba anasoma hata mwandiko mbaya."